Mkondo wa Umeme Juu ya Ethiopia na Jua Linavyouyumbisha

Kila siku jua likishachomoza, mkondo wa umeme huanza kutiririka angani juu ya Ethiopia, kilomita 105 hivi kutoka ardhini, ukielekea mashariki. Huongezeka nguvu kadiri jua linavyopanda, hufika kileleni karibu saa 5 asubuhi, kisha hupungua taratibu hadi jioni. Hauna waya wala nguzo. Upana wake ni takriban kilomita 600, na umeme unaopita humo ni makumi ya maelfu ya ampea. Hata hivyo, mtu anayefanya shughuli zake sokoni Addis Ababa, chini yake kabisa, haoni wala hasikii chochote.

Mkondo huo hauishii Ethiopia. Unapita upande wote wa Dunia ulio mchana, ukifuata ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake sindano ya sumaku iliyoning'inizwa hulala mlalo kabisa bila kuinamisha ncha yoyote. Hapa Afrika mstari huo si ile ikweta ya ramani, yenye kibao ambacho watalii hupigia picha pale Nanyuki. Uko juu zaidi, nyuzi 9 hivi kaskazini, ukikata Nigeria, Chad, Sudan na Ethiopia. Ukivuka Bahari ya Hindi unagusa ncha ya kusini ya India, na huko Amerika ya Kusini unashuka hadi Peru.

Tukizungumzia dhoruba za Jua, wengi wetu huwaza mbali: taa za rangi kwenye anga la Norway, theluji, ncha za Dunia. Picha hiyo imetufanya tuamini kwamba mambo haya ni ya watu wa baridi. Si kweli. Mabadiliko yanayoletwa na upepo wa Jua, yaani gesi ambayo Jua hupuliza muda wote, hufika ikweta ndani ya dakika chache, na mkondo huu wa Ethiopia ni miongoni mwa mahali yanapoonekana waziwazi kuliko kwingineko duniani. Na kinachoamua yatakuwa makubwa kiasi gani, mara nyingi, ni mwelekeo wa uga wa sumaku uliobebwa na upepo huo: kama umeelekea kaskazini au kusini.

Tuanze na mkondo wenyewe. Kuanzia kilomita 80 hivi juu ya vichwa vyetu, hewa ni nyembamba sana na miale mikali ya Jua huibandua elektroni kutoka kwenye atomu. Eneo hilo lenye chaji za umeme ndilo ionosfia. Jua linapoipasha joto hewa ya juu, hewa hiyo hutanuka na kuvuma, na inapovuma huzikokota zile chaji ndani ya uga wa sumaku ya Dunia. Kitu kinachopitisha umeme kikisukumwa ndani ya uga wa sumaku, umeme huzaliwa. Dainamo ya baiskeli hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Balfour Stewart, mwanafizikia wa Scotland, alilitaja wazo hilo mwaka 1882, kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba ionosfia ipo.

Penye ikweta ya sumaku kuna jambo la ziada. Kwa kuwa uga wa sumaku pale umelala mlalo, uga wa umeme unaoelekea mashariki husukuma sehemu ya umeme kwenda juu au chini. Lakini tabaka linalopitisha umeme vizuri ni jembamba. Juu yake umeme haupiti kirahisi kukatisha uga wa sumaku, na chini yake hewa ni nzito mno. Chaji hurundikana kwenye kingo hizo mbili, na mrundikano huo huzaa uga mwingine wa umeme, wenye nguvu kuliko ule wa kwanza, ambao nao husukuma umeme kuelekea mashariki. Ni kama maji yaliyozuiwa kwenye kingo mbili za mfereji. Hayana pa kwenda isipokuwa mbele, na huko mbele huenda kwa kasi. Ndiyo maana ukanda huu una mkondo mkubwa kuliko maeneo ya kaskazini na kusini mwake. Kituo cha Huancayo nchini Peru kilianza kupima sumaku mwaka 1922 na kukuta mabadiliko ya mchana makubwa isivyotarajiwa, na mwaka 1951 Sydney Chapman wa Uingereza akaupa mkondo huo jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya sayansi.

Kule Addis Ababa upimaji ulianza mwaka 1958, wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, katika kituo kilichoanzishwa na Pierre Gouin, padri Mjesuiti kutoka Kanada. Kazi ya magnetomita, kifaa cha kupimia sumaku, ni kuchora mstari mmoja unaoonyesha uga wa sumaku unavyopanda na kushuka. Kwa siku tulivu, mstari wa Addis Ababa hulala usiku kucha, hunyanyuka asubuhi, hufanya kilima kabla ya adhuhuri na kuteremka jioni. Kilima hicho huwa na urefu wa nanotesla 50 hadi 100 hivi, wakati sumaku ya Dunia pale ina nguvu ya nanotesla 36,000 au zaidi kidogo. Ni badiliko dogo, lakini kifaa kizuri hulisoma bila shida.

Mwaka 1962 Gouin alichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo halikutegemewa. Kuna siku ambazo mstari wake, badala ya kupanda, ulishuka chini ya kiwango cha usiku. Maana yake mkondo ulikuwa umegeuka na kutiririka kuelekea magharibi, tena mchana. Baadaye yeye na Mfaransa Pierre-Noël Mayaud waliupa mgeuko huo jina la mkondo-kinyume. Napenda kulitaja hili kwa sababu historia ya sayansi ya anga tunayofundishwa hujaa majina ya London, Oslo na California. Ugunduzi huu ulifanyika Addis Ababa, kwa kifaa kilichowekwa Addis Ababa, na hadi leo watafiti wa dunia nzima wanauandikia.

Baadhi ya migeuko hiyo husababishwa na upepo na mawimbi ya hewa ya hapa hapa duniani. Mingine chanzo chake ni Jua, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Hupuliza muda wote gesi yenye chaji za umeme, kwa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde au zaidi, na gesi hiyo hutumia siku 4 hivi kutufikia. Huo ndio upepo wa Jua. Inaposafiri hubeba pia kipande cha uga wa sumaku wa Jua. Ikifika kwetu, uga huo umeshakuwa dhaifu sana, kwa kawaida nanotesla 5 hivi. Ukiulinganisha na 36,000 za Addis Ababa, unaweza kujiuliza unawezaje kuisumbua Dunia.

Jibu lilitolewa na Mwingereza James Dungey mwaka 1961. Sumaku ya Dunia hutukinga kwa kuusukuma upepo wa Jua pembeni, na mpaka wa kinga hiyo upande wa mchana uko kilomita 60,000 hivi kutoka kwetu. Pale mpakani mistari ya sumaku ya Dunia huelekea kaskazini. Uga wa upepo wa Jua nao ukiwa umeelekea kaskazini, pande mbili hizo hukaa bega kwa bega bila kuchanganyika sana, na upepo huteleza na kupita. Lakini uga huo ukigeukia kusini, mistari iliyo kinyume hukutana, hukatika na kuungana upya, huu wa Jua na ule wa Dunia. Mlango unakuwa umefunguka. Nguvu ya upepo sasa inaingia ndani ya kinga.

Hesabu yake si ngumu. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde wenye uga wa nanotesla 5 kuelekea kusini huzaa uga wa umeme wa milivolti 2 kwa kila mita. Ni kidogo kweli, lakini eneo linalohusika lina upana wa mamia ya maelfu ya kilomita, na sehemu tu ya nguvu hiyo inayopenya hadi juu ya ncha za Dunia huleta tofauti ya makumi ya maelfu ya volti kutoka upande mmoja wa duara la ncha hadi mwingine. Uga wa kusini ukiwa mkali na upepo ukiwa wa kasi, tofauti hiyo huvuka volti 100,000.

Umeme huo hushuka kwa kufuata mistari ya sumaku na kuingia ionosfia karibu na ncha. Mnorwe Kristian Birkeland alipendekeza kuwapo kwa mikondo ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 na kwa miaka mingi wenzake wakubwa walimpinga. Setilaiti ndizo zilizomaliza ubishi, katika miaka ya 1960 na 1970. Leo tunajua kwamba mikondo hiyo kwa pamoja hubeba ampea milioni moja na zaidi.

Kuna hatua moja ambayo makala nyingi huiruka. Ionosfia ni ganda moja linaloizunguka Dunia nzima. Ukiingiza umeme nchani, hauwezi kubaki nchani. Mwaka 1968 Mjapani Atsuhiro Nishida alichukua vipimo vya setilaiti ya Marekani iliyokuwa ikipima uga wa upepo wa Jua mbali na Dunia, akaviweka pamoja na vipimo vya magnetomita za ardhini, kutoka vituo vya karibu na ncha hadi vya ikweta. Uga wa angani ulikuwa ukiyumba kaskazini na kusini, kila yumbo likichukua nusu saa hadi saa moja hivi. Mistari ya ardhini nayo ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mpangilio uleule, nchani na penye ikweta kwa pamoja. Katikati, kwenye nyuzi za wastani, mabadiliko yalikuwa hafifu. Penye ikweta yalikua tena, kwa sababu ya ule mrundikano wa chaji niliouleza. Kwa hiyo ukanda wa Ethiopia hufanya kazi ya kipaza sauti cha jambo linaloanzia nje ya Dunia.

Sasa fuatilia kinachotokea asubuhi moja ya kawaida. Uga wa upepo wa Jua unageuka ghafla kuelekea kusini. Ndani ya dakika chache uga wa umeme wa ziada, unaoelekea mashariki kwa upande wa mchana, umeshafika ikweta, na mkondo wa Ethiopia unaruka juu. Wakati huohuo, ndani ya kinga ya sumaku, chaji zinaanza kujipanga upya na kuunda uga wa umeme unaopinga ule uliovamia. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa moja hivi, na ikikamilika, ikweta hukingwa. Kisha uga wa Jua ukigeuka ghafla na kurudi kaskazini, ule msukumo wa kwanza hutoweka, lakini zile chaji zilizojipanga kuupinga bado zipo, hazijapata taarifa. Kwa muda mfupi zinasukuma zenyewe bila mpinzani, kuelekea magharibi. Mkondo unapungua, na pengine unageuka kabisa. Sehemu ya ile migeuko aliyoichora Gouin inaelezwa hivyo.

Baada ya saa kadhaa huja wimbi la pili, la polepole. Mikondo ya nchani huipasha joto hewa ya juu, hewa hiyo huvuma kuelekea ikweta, na kwa kuvuma kwake huvuruga dainamo ya kawaida. Athari hii inaweza kudumu siku moja au mbili, na kwa upande wa mchana huelekea kuudhoofisha mkondo. Ndiyo sababu mtu anayetazama mstari wa Addis Ababa wakati wa dhoruba huona kwanza kupanda, kisha kuporomoka, kisha siku ya pili kilima kifupi kuliko kawaida.

Msomaji wa Mombasa, Arusha au Kampala anaweza kusema mkondo huo uko mbali naye. Uko mbali, lakini shughuli yake haiko mbali. Uga wa umeme uleule unaosukuma mkondo huo huinua pia gesi yenye chaji hadi mamia ya kilomita juu ya ikweta ya sumaku. Kisha gesi hiyo huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku pande zote mbili, kaskazini na kusini, na kurundikana nyuzi 15 hivi kutoka ikweta hiyo. Wataalamu huiita chemchemi. Toa nyuzi 15 kutoka kwenye nyuzi 9 kaskazini na utajikuta nyuzi 6 kusini: pwani ya Tanzania, Zanzibar, Dodoma. Rundo la kusini la elektroni linatanda juu yetu, na uga wa Jua ukielekea kusini mchana, chemchemi hupata nguvu na rundo hunenepa. Katika dhoruba za Jua za Oktoba 2003 chemchemi hiyo ilipanda juu kupita kiasi cha kawaida.

Mawimbi ya GPS yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti hupita katikati ya rundo hilo na kucheleweshwa. Simu ya mtu anayetafuta mtaa haitajali. Mpima ardhi anayepanga mpaka wa kiwanja kwa usahihi wa sentimita atajali, na rubani anayekaribia uwanja wa ndege atajali zaidi. Baada ya magharibi huja shida nyingine: viputo vya gesi nyepesi huchipuka kutoka chini ya ionosfia na kupanda, na mawimbi yakipita humo hucheza na hata kukatika. Kwa ukanda wetu huonekana zaidi karibu na Machi na Septemba. Mgeuko wa uga wa Jua ukiangukia saa za magharibi unaweza kuviamsha viputo hivyo au kuvizima, kutegemea umegeukia upande gani.

Je, mwili unadhurika? Swali hili huulizwa sana, nalo linastahili jibu la moja kwa moja. Badiliko la nanotesla mia moja au mia tatu ni dogo kuliko tofauti ya uga wa sumaku unayoipata ukisogea tu karibu na jokofu au mlango wa chuma. Hakuna madhara ya kiafya yaliyothibitishwa kwa mtu aliye ardhini, na anayekuuzia bangili ya kujikinga na dhoruba za Jua anakula pesa yako bure. Hatari ya mnururisho ipo kwa wanaanga, na kwa kiasi fulani kwa ndege zinazopita karibu na ncha. Sisi huku chini tunalindwa na unene wote wa angahewa. Afya yetu huguswa kwa njia nyingine, kupitia umeme wa hospitali na mawasiliano ya dharura.

Machi 13, 1989, saa 8:44 usiku, gridi ya jimbo la Quebec nchini Kanada iliporomoka katika muda usiozidi dakika moja na nusu, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Mikondo ya angani inapobadilika haraka hushawishi umeme ardhini, na umeme huo huingia kwenye transfoma kupitia waya wa ardhi. Quebec ni kaskazini sana. Lakini baada ya dhoruba za 2003, transfoma kubwa za Afrika Kusini zilikutwa zimeharibika, na hiyo ni nchi ambayo vitabu vya zamani viliihesabu kuwa salama. Tangu hapo utafiti umeonyesha kwamba wimbi la mshtuko kutoka kwa Jua linapoigonga kinga ya Dunia, badiliko lake hukuzwa penye ikweta ya sumaku wakati wa mchana, kwa sababu ya mkondo huuhuu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili kwetu. Njia ya umeme ya kilovolti 500 kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Kutoka Isinya, Kenya, njia nyingine ya kilovolti 400 inaenda hadi Singida, Tanzania. Nchi zetu zinaunganishwa gridi moja, na upande wake wa kaskazini umo ndani ya ukanda wa mkondo. Sisemi kwamba gridi itaanguka. Njia ya umeme wa mkondo mnyoofu, kama ile ya Suswa, haishambuliwi kama ya kawaida. Ninachosema ni kwamba umeme unaoingia kwenye transfoma kupitia waya wa ardhi hupimwa kwa kifaa kisicho cha gharama kubwa, na mhandisi mwenye vipimo vyake mwenyewe hahitaji kukisia kwa kutazama takwimu za Kanada.

Mei 10, 2024 tulipata mfano. Dhoruba kubwa kuliko zote katika miaka 20 ilifika saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Uga wa upepo wa Jua ulipita nanotesla 40 kuelekea kusini. Wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda mahindi kwa trekta zinazoongozwa na GPS walilazimika kusimama. Sisi tulikuwa upande wa usiku, hivyo mkondo wa mchana haukuwa juu yetu wakati wa pigo la kwanza. Ingefika saa 5 asubuhi, habari ingekuwa nyingine.

Kutabiri mwelekeo ndiko kugumu. Darubini huona mlipuko Juani, na wataalamu hukadiria kama wingu la gesi litafika kesho au keshokutwa. Lakini uga ndani ya wingu hilo umeelekea kaskazini au kusini? Hilo hujulikana kwa uhakika wingu likishazipita setilaiti zilizoegeshwa kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu kuelekea Jua. ACE imekuwa huko tangu 1997 na DSCOVR tangu 2015. Septemba 2025 Marekani ilirusha nyingine, SWFO-L1, kuchukua nafasi yao. Kutoka hapo hadi kwetu upepo hutumia dakika 15 hadi saa moja, na huo ndio muda wote wa tahadhari uliopo.

Taarifa za setilaiti hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Upande wa ardhini, Nairobi na Dar es Salaam ziliwekewa magnetomita katika mtandao ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani, na Malindi, ambako Italia na Marekani zilirusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco kati ya 1967 na 1988, kuna kipokezi cha GPS cha mtandao wa kimataifa. Kinachotakiwa ni vifaa vya namna hii kutuma vipimo papo hapo kwa waongoza ndege, wapima ardhi na waendesha gridi wa hapa, na si kungoja miezi hadi mtafiti wa ng'ambo avitumie katika makala yake. Shirika la umeme likijua saa 4:30 asubuhi kwamba uga umegeuka kusini kwa nanotesla 30, linaweza kuahirisha matengenezo yaliyopangwa, kupunguza mzigo kwenye transfoma chakavu na kumweka mhandisi kwenye zamu kabla ya saa 5.